Mjane wa Dola Milioni Kumi na Wanaomjibu

“Mpendwa wangu katika Bwana, salamu za upendo zikufikie popote ulipo. Najua barua hii itakushangaza kwa kuwa hatujuani. Mimi ni mjane wa aliyekuwa waziri wa mafuta. Mume wangu alifariki kwa ajali ya ndege akaacha sanduku lenye dola milioni 10 katika kampuni moja ya ulinzi. Mimi mwenyewe nina saratani na daktari amenipa wiki mbili. Nimefunga, nimeomba, na jina lako ndilo nililooneshwa. Tafadhali nitumie jina lako kamili, umri, kazi unayofanya, namba ya simu na namba ya akaunti ya benki. Asilimia 30 ni yako. Usimwambie mtu.”

Barua hiyo sikuichukua kwenye simu ya mtu. Nimeiunga mwenyewe hapa studio kwa vipande vya barua nyingi za aina yake, na nadhani wengi wenu mmeitambua kabla sijafika kwenye saratani. Mjane huyu ni kiumbe wa ajabu. Mumewe hafi kwa malaria wala kwa uzee, lazima iwe ajali ya ndege. Fedha zake hazina akaunti, zina sanduku. Na yeye mwenyewe kapewa wiki mbili tangu enzi za Rais Mkapa, mpaka leo yupo, anaandika barua.

Wengi wetu tukiipata tunaifuta. Wachache wanatuma kila walichoombwa, na hao ndio wanaolizwa. Lakini lipo kundi la tatu, na hilo ndilo ninalotaka tulizungumze jioni ya leo: watu wanaomjibu mjane kwa moyo mkunjufu kabisa. Wanampa pole ya msiba. Wanamuuliza sanduku ni la mbao au la chuma, lina kufuli ngapi, na kama linaweza kupita mlangoni maana nyumba yao ina mlango mwembamba. Mjane anajibu. Wanauliza jingine. Mwezi unakatika, hakuna senti iliyotoka, na mjane bado anaeleza habari za kufuli.

Mmoja aliyepata umaarufu kwa mchezo huu ni mchekeshaji wa Uingereza, James Veitch. Mwaka 2015 alipanda jukwaa la TED mjini Geneva akasimulia jinsi alivyojibu barua ya mtu aliyetaka kufanya naye biashara ya dhahabu. Tapeli alipendekeza waanze na kilo 25. Veitch akasema huo ni mwanzo mdogo mno, na mwishowe akataka tani nzima. Tapeli naye akaendelea tu, kwani dhahabu yenyewe ilikuwa ya mdomoni, tani na kilo zina uzito uleule. Kisha Veitch akasema biashara kubwa hivi inahitaji lugha ya siri, maadui wasije wakaisoma. Akapanga: wakili tutamwita kwa jina la peremende, hati tutaziita kwa jina la peremende nyingine, na Western Union itakuwa mjusi mkubwa wa jeli. Yule bwana, mtu mzima aliyekaa mezani na hesabu zake za wizi, akaandika barua ya kikazi kuhusu kutuma fedha kwa njia ya mjusi wa jeli.

Ukumbi ulianguka kwa kicheko, na nilipoitazama video yake nilicheka mimi pia. Baadaye nikajiuliza: kwa nini tapeli alikubali? Hakuwa mjinga. Mjinga hawezi kuendesha kazi ya kudanganya watu wa nchi tatu kwa siku moja. Alikubali kwa sababu aliona fedha ziko karibu, na mtu akiona fedha ziko karibu atavumilia upuuzi wowote wa mwenye fedha. Ndiyo kamba ileile anayowafungia wengine. Wahenga walisema mjinga akierevuka mwerevu yu mashakani, na sijui mahali ambapo methali hiyo imewahi kutimia vizuri kuliko kwenye mjusi wa jeli.

Tuangalie basi kamba yenyewe imesukwaje. Dola milioni 10 huwa zipo tayari, zimehesabiwa, zimefungwa. Kimebaki kitu kimoja tu kidogo, ada ya wakili. Ukilipa wakili, kinakuja cheti cha kuthibitisha kwamba fedha hizi hazihusiani na ugaidi, nacho kina gharama yake. Ukilipia cheti, afisa wa forodha anataka chochote. Kila ada ni ya mwisho, na kila ada ni ndogo sana ukiilinganisha na sanduku. Aliyelipa mara ya kwanza hulipa ya pili ili ile ya kwanza isipotee bure, na ya tatu ili zile mbili zisipotee. Ndiyo maana utamkuta mtu na akili zake, amesoma, ana kazi nzuri, ameuza kiwanja. Tukisikia habari zake tunasema “kaingizwa mjini” na kucheka, lakini yeye alipokuwa ndani hakuona mji wowote. Aliona ngazi moja tu imebaki.

Na kamba hii ni ya zamani sana. Yupo Mfaransa mmoja, Eugène François Vidocq, aliyekuwa mhalifu akafungwa, akatoroka, na mwishowe akawa mkuu wa wapelelezi wa Paris. Katika maandishi yake ya karne ya 19 ameeleza jinsi wafungwa walivyokuwa wakiandika barua wakiwa gerezani, zikaitwa barua za Yerusalemu. Mwandishi hujifanya mtumishi wa bwana mkubwa aliyekimbia Mapinduzi ya Ufaransa. Wakiwa njiani, kasha la vito na dhahabu likatupwa majini au likafukiwa mahali anapopajua yeye peke yake. Sasa yuko kifungoni, ana shida ya fedha kidogo tu, na akitoka mtakwenda kulifukua pamoja. Vidocq anasema kati ya barua 100 za namna hiyo, 20 zilipata majibu. Baadaye ikawa mfungwa yuko Hispania, na barua zikavuka bahari hadi Uingereza na Marekani. Badilisha bwana mkubwa awe waziri wa mafuta, kasha liwe sanduku la kampuni ya ulinzi, umempata mjane wetu.

Hivyo anayesema utapeli huu ni uvumbuzi wa Nigeria anawapa Wanigeria sifa isiyo yao. Walichofanya baadhi yao ni kuupokea ulipofika, miaka ya 1980, uchumi wa mafuta ulipoyumba na vijana waliosoma wakakosa kazi. Kwanza ilikuwa barua za posta zenye stempu, kisha faksi, kisha vibanda vya intaneti. Jina la 419 linatokana na kifungu cha sheria ya jinai ya huko kinachohusu kujipatia mali kwa udanganyifu. Na kuna waliofika mbali. Emmanuel Nwude, kati ya 1995 na 1998, alijifanya gavana wa Benki Kuu ya Nigeria na kumuuzia mkurugenzi wa benki ya Banco Noroeste ya Brazil uwanja wa ndege. Uwanja mpya wa kimataifa Abuja, mzima, na njia zake za kurukia. Uwanja haukuwapo. Dola milioni 242 zilikwenda, mwaka 2005 Nwude akahukumiwa kifungo, na benki nayo ilikwisha kuporomoka.

Mwaka huohuo wa 2005 waliopanga zile tuzo za mzaha za Ig Nobel waliwapa waandishi wa barua hizi wa Nigeria tuzo ya fasihi, kwa kuwapatia mamilioni ya wasomaji wahusika wa kukumbukwa ambao wote wanahitaji msaada mdogo wa gharama ili wafikie utajiri wao. Mzaha mzuri. Lakini jina likishachafuka, wa kwanza kuumia ni asiyehusika. Mwezi Februari 2003, mzee wa miaka 72 wa Jamhuri ya Cheki, aliyetapeliwa akiba yake, aliingia ubalozi wa Nigeria mjini Prague akampiga risasi mwanadiplomasia Michael Wayid na kumuua. Marehemu hakuwa amemwandikia mtu barua yoyote.

Nirudi kwenye swali ambalo kila mtu huuliza. Barua hizi mbona zimeandikwa vibaya hivyo? Mtu anayetaka kuiba dola milioni anashindwaje kusahihisha sarufi, au walau kubadili hadithi? Mtafiti wa kampuni ya Microsoft, Cormac Herley, alilishughulikia swali hilo mwaka 2012 kwa hesabu. Jibu lake ni kwamba hadithi hiyo ya kuchekesha ni chekeche. Kutuma barua milioni moja ni karibu bure. Gharama inaanza mtu anapojibu, kwa sababu hapo tapeli lazima akae, asome, abembeleze, apige simu, atengeneze vyeti, tena kwa majuma. Akijibiwa na watu 1,000 wenye shaka, ambao 990 watagundua njiani na kuacha, atakufa kwa kazi bila kula. Kwa hiyo anaandika barua ambayo mwenye shaka ataifuta mwenyewe mapema, na anayebaki ni yule aliyeamini mpaka saratani ya wiki mbili.

Hapo ndipo mchekeshaji wa Geneva, pengine bila kukusudia, alipogusa mshipa. Tapeli hana mtaji wa fedha, ana mtaji wa muda. Mtu anayejibu kwa shauku, akauliza maswali, akaomba kulala juu ya jambo mpaka Jumatatu, halafu Jumatatu akasema mke wake amekataa lakini anambembeleza, huyo ni wali wenye mchanga. Kwa nje hana tofauti na wali mwingine. Tapeli anajua baada ya kutafuna. Na saa anazotumia kutafuna mchanga ni saa ambazo bibi kizee mmoja mahali fulani hakupigiwa simu.

Wapo waliolifanya hili kama chama. Tangu mwaka 2003 kuna Mwingereza, Mike Berry, aliyekusanya watu wa kuwazungusha matapeli kwa makusudi, na baadaye akatoa kitabu cha barua hizo. Akijifanya mfadhili wa sanaa, alimfanya tapeli mmoja achonge kwa mbao mfano wa kompyuta ya zamani, Commodore 64, na vitufe vyake vyote, akausafirisha hadi Uingereza. Wengine aliwafanya waigize mbele ya kamera kile kichekesho cha Waingereza cha kasuku aliyekufa, cha kundi la Monty Python, kwa ahadi ya zawadi. Nimeitazama. Vijana wale wanajitahidi. Ukiwaangalia vizuri unaona wameishika mistari, wamefanya mazoezi, na mmoja ana kipaji kabisa. Ile kazi ya kuchonga nayo ilikuwa nzuri. Nikawaza, mtu mwenye mikono ile angeweza kukaa Mwenge, Dar es Salaam, pale kwenye vinyago na kula kwa jasho lake.

Lakini nisiwafiche, mchezo huu una upande ambao sitaki kuucheka. Mwaka 2008 kipindi cha redio cha Marekani, This American Life, kilisimulia habari za wazungushaji watatu waliomshawishi tapeli mmoja wa Nigeria kusafiri hadi Abéché, mji wa mashariki mwa Chad karibu na mpaka wa Darfur, wakati ule kukiwa na vita. Walimwambia kuna watu wa kanisa wanamsubiri na fedha. Hakukuwa na kanisa wala fedha. Mtu akakwama huko, hana nauli, anaandika barua za kuomba msaada, na watu watatu waliokaa kwenye viti vizuri wanazisoma na kucheka, wakijadiliana wamsukume mbele zaidi. Mimi hapo najitoa. Kumpotezea mwizi muda ni jambo moja. Kumpeleka mahali anapoweza kuuawa, kwa sababu tu una intaneti na una usiku mrefu, hiyo si haki wala si kichekesho. Tena ukiangalia picha zao za ushindi za miaka ile, watu wameshikishwa mabango ya matusi wasiyoyaelewa, utaona mzaha ulivyogeuka ukawa ule wa mzungu kumchezesha mtu mweusi, na wizi wa barua ukawa kisingizio.

Na siku hizi kuna jambo jingine linalotakiwa kutupunguzia kicheko. Ile meseji ya Kiingereza laini, “Hi, samahani, huyu ni Dokta Linda?”, inayoanza kwa namba iliyokosewa na kuishia kwenye uwekezaji wa sarafu za kidijitali, mara nyingi haitoki kwa mjanja aliyekaa kivulini. Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar, na wapatao 100,000 Cambodia, walikuwa wameshikiliwa katika majengo yenye ulinzi na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Wamo Wakenya, wamo Waganda, wamo Waethiopia. Waliitikia matangazo ya kazi Thailand, huduma kwa wateja, mshahara mzuri, tiketi tumelipa sisi. Walipofika pasipoti zikachukuliwa, wakavushwa mpaka usiku, wakapewa simu na idadi ya watu wa kutapeli, na asiyeifikia idadi anapigwa. Mwanzoni mwa 2025 maelfu waliachiwa kupitia Thailand, na Wakenya walikuwa miongoni mwao. Kwa hiyo unapomzungusha mtu wa namna hiyo saa nzima, inawezekana anayelipia saa hiyo ni kijana wa Eldoret mwenye alama za mijeledi mgongoni. Hao mimi siwajibu kabisa. Nafuta, nafunga namba, basi.

Pengine ndiyo maana napenda kazi ya kuzungusha ifanywe na mashine. Novemba 2017 shirika la Netsafe la New Zealand lilianzisha programu iliyoitwa Re:scam. Uliipelekea barua ya tapeli, yenyewe ikachukua jina na tabia ya mtu, ikamjibu na kumuuliza maswali yasiyo na mwisho. Novemba 2024 kampuni ya simu ya O2 ya Uingereza ikaja na bibi wa akili bandia aitwaye Daisy. Daisy anapokea simu za matapeli na kuzungumza nao kwa sauti ya kizee. Anafuma sufi, anasimulia habari za paka wake, na akibanwa sana anatoa namba za benki ambazo hazipo. Kampuni ilisema aliwahi kuwashikilia wapigaji hadi dakika 40 kwa simu moja.

Nilipoisoma habari ya Daisy nilijisemea kwamba Waingereza wamehangaika bure kutengeneza mashine. Sisi tunao Daisy wengi, wa nyama na damu, na Kiswahili kimewapa silaha ambayo Kiingereza hakina. Nitaifikia.

Kwetu, mjane wa dola milioni 10 si tishio kubwa. Tapeli wetu ana aibu, haombi milioni. Anaandika: “Ile hela tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina shida, jina litakuja tofauti.” Haelezi hela ipi. Anajua katika meseji elfu moja atampata mtu ambaye kweli alikuwa anakwenda kutuma kodi asubuhi ile. Chekeche lilelile la Herley, kwa lugha ya mitaa ya Manzese. Au anaanza: “Mjukuu wangu, mimi babu yako wa Sumbawanga, nyota yako nimeiona.” Au anajifanya mwalimu, mwanao kaanguka shuleni, daktari anataka elfu 80 sasa hivi, na huyo ndiye simcheki hata kidogo, maana anamchezea mzazi roho. Kenya wana yao: inaingia meseji inayofanana na ya M-Pesa, kisha mtu anapiga analia, nimekutumia kimakosa ndugu, nirudishie. Ukitazama salio hakuna kilichoingia. Wakenya kwa miaka mingi wameziita simu hizi simu za Kamiti, kwa kuwa baadhi zimekuwa zikipigwa kutoka gereza la jina hilo. Vidocq asingeshangaa.

Majibu ya Watanzania kwa “tuma kwa namba hii” yamekwisha kuwa fasihi ya aina yake. Kuna anayejibu: “Nimeshatuma mkuu, hujaiona? Mtandao unasumbua.” Tapeli anasubiri. Baada ya robo saa: “Bado? Ngoja nirudi kwa wakala.” Kisha: “Wakala kasema hana floti, amemtuma kijana.” Kisha: “Kijana kapata pancha.” Hizi ndizo sababu ambazo mafundi, mawakala na wadeni wetu wametupa sisi maisha yetu yote. Hatukuzitunga, tumezirithi, na kuziona zikimrudia mtu anayestahili kunaburudisha sana.

Tahadhari kidogo hapa, maana barua pepe na simu si kitu kimoja. Wanaomchezea mjane wa dola hufungua anwani ya pembeni isiyo na jina lao, hawafungui kiambatisho, hawabonyezi kiungo. Simu yako ni tofauti, laini imesajiliwa kwa jina lako na inabeba fedha zako. Usitaje namba ya siri, usitume tarakimu zozote ulizotumiwa, usibonyeze nyota wala reli kwa kuelekezwa. Na ukishamaliza kucheka, kwa Tanzania ipeleke meseji ile kwenye 15040, utaulizwa namba iliyoituma, unaiandika. Kenya, wateja wa Safaricom wana 333. Taarifa hizo hufanyiwa kazi. Ripoti za kila robo mwaka za TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, hutaja majaribio ya ulaghai kwa mikoa, na Rukwa, mkoa wa Sumbawanga, na Morogoro zimekuwa zikishika nafasi za juu. Babu wa Sumbawanga, kwa kiasi fulani, alikuwa anasema kweli kuhusu anwani.

Sasa ile silaha niliyoahidi. Jirani yangu mmoja ni mama muuza mchele soko la Magomeni, na siku nilipokwenda kununua mchele wa Kyela simu yake iliita, akaweka spika kwa kuwa mikono ilikuwa na vumbi. Tuliokuwa pale tulisikia yote.

“Hongera sana mama, namba yako imeshinda shilingi milioni 5!”

“Wewe hujaniamkia,” akasema mama.

Kimya kidogo. “Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hujambo?”

“Sijambo. Sasa mama, namba yako...”

“Wa nyumbani hawajambo? Mama yako mzima?”

“Mzima. Mama, napiga kutoka makao makuu...”

“Makao makuu ndiyo Dodoma? Dodoma mvua zimenyesha?”

Yule kijana alifanya kosa la kusema zimenyesha. Basi mama akataka kujua zimenyesha kiasi gani, kama mtama umesimama, kwa kuwa ana wifi yake Kongwa na mwaka jana hawakuvuna. Kijana akajibu mtama upo. Mama akamwambia subiri mwanangu nipime kilo mbili, akanipimia mimi, akapokea fedha, akatafuta chenji kwa jirani, akarudi. “Ehe, tulikuwa kwenye mtama.”

Hapo ndipo nilipoielewa nguvu ya maamkizi yetu. Mtu akikuuliza kwa Kiswahili hali ya mama yako, huwezi kumrukia. Tapeli aliyelelewa nyumbani amefungwa mikono na malezi yake mwenyewe, anajua anapotezewa muda na bado anajibu “wazima, tunamshukuru Mungu.” Kila alipojaribu kuufikia ushindi, mama alikuwa na ndugu mwingine wa kumuulizia. Mwishowe akafanikiwa kusema kwamba zinahitajika shilingi elfu 50 za kufungulia zawadi.

“Elfu 50 ninayo,” mama akasema, na kijana akashusha pumzi, tulimsikia. “Ila siwezi kuondoka hapa, sina wa kumwachia genge. Wewe nitumie elfu mbili ya bodaboda nifike kwa wakala.”

“Mama, sisi hatutumi.”

“Mna milioni 5 zangu hapo?”

“Tunazo.”

“Basi kateni humohumo.”

Soko zima lilikuwa limesimama. Hata muuza nyanya wa upande wa pili alikuwa ameacha wateja. Kijana alieleza tena utaratibu, akaelezwa tena habari ya genge, akauliza kama hakuna mtoto wa kutuma, akaambiwa watoto wako shule na mmoja anafanya mtihani mwaka huu, akaombwa amwombee dua. Sauti ya mikogo aliyoanza nayo ilikuwa imekwisha, amebaki mtoto wa mtu aliyechoka.

“Mama,” akasema, “naomba nikuage. Nina kazi nyingi.”

“Kazi?” mama akauliza, huku anafunga gunia. “Kazi gani tena, mwanangu?”